Picha ya Kichwa Ilitoka Safi

Kiwanja, tarehe 9 Februari

Dani,

Ninakuandikia nikiwa na hasira, na sitaificha. Nimekupigia simu mpaka watu wa soko hapa Kiwanja wakaanza kuniuliza kama nina deni la mutu. Huishiki. Jana nilimpata Mama kwenye simu ya jirani, akaanza kulia kabla hata hajanisalimu. Anasema alikuwa anatwanga majani ya muhogo ya sombe, ukatoka chumbani, ukamnyang'anya mchi na kuutupa barabarani mbele ya watu. Anasema umefunika dirisha kwa blanketi, unashinda kitandani, na akikuuliza kitu unamjibu kama unamjibu polisi.

Halafu habari nyingine nimeipata kwa wauzaji wa ndizi, si kwako: timu imekusimamisha. Wewe, kipa ambaye watu wa Ndosho wanamwita kwa jina kutoka ng'ambo ya barabara! Eti ulimsukuma Nasiba mazoezini mpaka akaanguka juu ya mawe. Nasiba, mutoto wa Papa Mahamudi, ambaye wewe mwenyewe ulimwombea ruhusa kwa babake ili acheze. Familia ile ilikuamini.

Sasa niambie, ni nini? Ni mwanaume? Ni pombe? Jirani wanamshauri Mama alete watu wa maombi wakutoe pepo. Nimemwambia asubiri kwanza nisikie kwako.

Barua hii analeta Fortunat, dereva anayebeba mizigo yangu kuja Goma. Anapita Ndosho kila wiki. Ana mfuko wa maharagi yenu pia. Mpe jibu, na si jibu la mdomo. Andika, mdogo wangu.

Yaya yako,
Kahambu


Goma, Ndosho, tarehe 16 Februari

Yaya Kahambu,

Maharagi yamefika, asante.

Simu siishiki kwa sababu mwanga wake unaniingia machoni kama sindano, na sauti ya mutu ndani yake ni kama anagonga bati. Karatasi hainipigii kelele. Nikichoka naiacha, nikipata nguvu narudi. Ukiona wino umebadilika, ujue nilikuwa nimeacha.

Hakuna mwanaume. Hakuna pombe.

Nasiba nilimsukuma, ndiyo. Alikuwa anacheka nyuma yangu na wenzake. Hakuwa ananicheka mimi, alikuwa anacheka tu kama msichana anavyocheka. Kitu kikawaka ndani yangu. Nilipomwona chini na damu gotini, nilitazama mkono wangu kama ni wa mutu mwingine. Nilimwomba msamaha. Hakuniangalia, na ana haki.

Mchi wa Mama ni vilevile. Kila pigo lilikuwa linatua ndani ya kichwa changu.

Usipoteze usingizi kwa ajili yangu. Ni kichwa tu, tangu ile mechi ya Novemba nilipogonga nguzo ya goli. Kocha Luc alikuja mbio na maji, akaniinulia mkono, "Vidole vingapi?" Nikasema vitatu. "Sawa, simama." Nikasimama, tukashinda. Baadaye walinipeleka hospitali kupiga picha ya kichwa, ikatoka safi. Kwa hiyo sina kitu. Kila mutu ananiambia sina kitu. Basi naona labda ni tabia yangu imeharibika, na tabia haina dawa.

Mwambie Mama asilie mbele yangu. Akilia nasikia hasira, halafu aibu, halafu sisikii chochote kabisa. Hicho cha mwisho ndicho kinaniogopesha.

Dani


Kiwanja, tarehe 23 Februari

Kwako Kocha Luc,

Mimi ni Kahambu, dada mkubwa wa Daniella. Tulionana siku ya kombe, ulikula wali kwetu na ukasema mbele ya mama yangu kwamba Daniella ni binti yako.

Nimejua sasa kwamba binti yako aligonga nguzo kwa kichwa mwezi wa Novemba, ukamwonyesha vidole, ukamrudisha golini. Nataka kuelewa. Mutu akianguka kutoka kwenye lori hapa Kiwanja, hata wabeba mizigo wanajua kumlaza na kumwangalia siku nzima. Wewe ulitumia muda gani? Muda wa kunywa maji?

Niambie: msimu huu amepigwa kichwani mara ngapi? Nani alimpima? Alimpima nini? Na wakati anaanza kukasirika, kusahau na kulia, nani kati yenu aliuliza kwa nini, kabla hamjaandika kwamba hana nidhamu?

Ninangoja jibu kwa Fortunat.

Kahambu


Goma, tarehe 1 Machi

Mpendwa Mama Kahambu,

Salamu za kimichezo.

Barua yako nimeisoma kwa masikitiko, kwa sababu umeandika kama vile sisi ni adui wa Daniella. Timu yetu haina daktari. Tuna maji, tuna barafu siku ambazo inapatikana, na tuna Mungu. Wasichana wanaanguka, wanainuka. Ndio mpira.

Kwa kuwa umeuliza, nakujibu wazi. Daniella alipata ajali tatu tu msimu huu. Mara ya kwanza mpira ulimpiga usoni kutoka karibu. Mara ya pili aligongana na mshambuliaji wa timu ya Himbi. Aliinuka haraka sana, akaenda kusimama kwenye goli la wapinzani. Wenzake walicheka, hata mimi nilicheka, na akarudi golini kwetu mwenyewe. Mara ya tatu ndiyo ya nguzo. Mara zote nilimpima kwa vidole na hakukosea.

Prezida wetu, Papa Bashige, alimpeleka yeye mwenyewe kwa gari lake akapigwe picha ya kichwa. Daktari alisema hakuna damu, hakuna mfupa uliovunjika. Kuhusu huzuni na usingizi, alisema hayo ni mambo ya vita, na kwamba watu wote wa Goma wanayo. Sasa sisi tufanye nini zaidi?

Mambo ya Nasiba ni ya nidhamu. Komite itakaa mwishoni mwa mwezi huu na kuamua. Mimi nashauri familia imwombee.

Luc, kocha


Kiwanja, tarehe 4 Machi

Dani,

Barua ya Luc iko hapa mezani. Mutu anakuona unakwenda kulinda goli la adui, na yeye anacheka! Anaandika "ajali tatu tu". Hilo neno "tu" ningependa anieleze mbele yangu.

Mbona hukuniambia kama zilikuwa tatu? Au hukumbuki? Kama hukumbuki, usione aibu, niambie tu kwamba hukumbuki.

Sikiliza. Nilipanda pikipiki mpaka hospitali ya Rutshuru kumwona Cédrick, yule muuguzi tuliyesoma naye. Nilimweleza yote. Hakushangaa hata kidogo. Anasema picha ile inatafuta damu na mfupa uliovunjika. Ubongo ukitikiswa, picha inaweza kuwa safi kama sahani iliyooshwa, na mutu bado anaumwa miezi mingi: kichwa, kelele, hasira, kusahau, kulia, hata kutotaka kuishi. Neno lake ni mtikisiko wa ubongo. Ukirudiwa kabla wa kwanza haujapona, mambo yanakuwa mazito zaidi.

Tabia yako haijaharibika, Dani. Rudia hilo mpaka uchoke.

Kuna mwanamke hapo Goma, Daktari Zihindula, mwanasaikolojia, anapima watu wa namna hiyo. Cédrick ameandika mahali na siku kwenye karatasi niliyoiweka humu. Nenda na Mama. Si kwa ajili ya kukushika mkono. Cédrick anasema lazima awepo mutu aliyekujua zamani, kwa sababu wewe huwezi kujiona.

Nenda, hata kama huna nguvu. Nakuomba kama yaya.

Kahambu


Goma, Ndosho, tarehe 20 Machi

Yaya,

Tulikwenda. Nitakuandikia polepole.

Nilidhani daktari atanitazama macho kwa tochi na kunifukuza. Alianza kwa kuzima taa, maana aliniona nimekunja uso. Halafu hakuniuliza mimi, alimuuliza Mama: "Mama, huyu binti alikuwa mutu wa namna gani?" Nikafikiri Mama atalia. Hakulia. Akasema, "Huyu alikuwa radio yangu. Anafua anaimba, anapika anaimba. Nikimtuma soko la Ndosho vitu vingi, anarudi navyo vyote bila kuandika. Wadogo wakigombana, yeye ndiye alikuwa anawatenganisha." Yaya, nilimsikiliza kama anasimulia habari za mutu aliyekufa.

Kisha daktari akanipima. Alinitajia maneno, nikayarudia vizuri. Nikafurahi. Tukaongea mambo mengine, halafu akaniuliza, "Yale maneno?" Nilitafuta. Nilipata "kisu" na "mvua", mengine yalikuwa yameondoka. Alinisomea namba nizirudie kuanzia mwisho, nikachanganya. Aliniambia nisimame kwa mguu mmoja na kufumba macho. Mimi, kipa, nilimwangukia Mama mapajani.

Nikaanza kukasirika. Nikamwambia, "Unaona? Mimi ni mujinga!"

Akasema, "Mujinga hawi kipa bora wa mashindano ya mitaa. Sitafuti kama una akili. Natafuta kilichobadilika."

Aliniuliza usingizi, chakula, kichwa, hasira, lini vilianza, vinazidi lini. Kuhusu vita pia aliuliza, na hakusema kwamba vita si kitu. Alisema, "Inawezekana vyote viwili viko. Lakini mutu asitumie vita kufunika pigo la nguzo. Ulilala vizuri mpaka Novemba?" Mama akasema ndiyo, nililala, hata mabomu ya mbali yalikuwa hayaniamshi.

Mwishoni aliniuliza kama nimewahi kutamani nisiwepo. Nilimtazama Mama. Daktari akasema Mama anaweza kutoka nje kama nataka. Nikasema abaki, nimechoka kumficha. Nikawaambia kuhusu soko la samaki la Kituku. Mwezi wa Januari Mama alinituma huko nikanunue sambaza, wale samaki wadogo. Nilikaa kwenye mawe kando ya ziwa mpaka wauza samaki wakakunja vitu vyao, na sikuwa nimekwenda pale kwa ajili ya sambaza. Mama mmoja wa mitumbwi ndiye aliniuliza, "Binti, unangoja nani?" Nikasimama nikarudi nyumbani. Mama alinigombeza kwa kurudi mikono mitupu.

Mama alinishika kichwa, hivi, kwa mikono yote miwili, kama mutu anashika yai.

Daktari anasema nina kitu, Yaya. Alisema kabisa: "Una kitu, na kina jina." Hakuniahidi siku ya kupona. Alisema wengi wanapata nafuu, wengine inachukua muda mrefu, na kichwa changu kisipigwe tena. Nilale saa zilezile, nitembee kidogo kidogo kila siku, nisijifungie gizani siku nzima. Niende kwake kila wiki kuongea, na baada ya muda atanipima tena vilevile aone. Amempa Mama namba yake, na wamepatana: nikirudiwa na yale mawazo ya Kituku, namwambia Mama saa hiyohiyo, naye anampigia.

Ameandika karatasi ya komite. Anaeleza kwamba hasira na kusahau ni matokeo ya mapigo, na kwamba mchezaji akipigwa kichwani atolewe uwanjani siku hiyo. Mama amempelekea Kocha Luc mkononi.

Nimelala leo. Nilitaka ujue hilo.

Dani


Goma, tarehe 30 Machi

Kwa Bi Daniella,

Komite ya timu imekaa tarehe 28 Machi, ikasoma karatasi ya Daktari Zihindula. Kwa kuwa karatasi hiyo inathibitisha kwamba una tatizo la akili, na kwa kuwa usalama wa wachezaji wengine ni jukumu letu, komite imeamua kukuondoa kwenye timu moja kwa moja. Uamuzi wa nidhamu haukuwa wa lazima tena.

Unaombwa kurudisha jezi na glavu za timu.

Kuhusu ushauri wa daktari juu ya kutoa wachezaji uwanjani, komite inaona hayo ni mambo ya ufundi ambayo hayamhusu.

Tunakutakia afya njema.

Bashige, Prezida


Goma, Ndosho, tarehe 5 Aprili

Kwa Prezida Bashige, kwa Kocha Luc, na kwa komite yote,

Nimeandika barua hii kwa vipande, kwa sababu kichwa changu hakiniruhusu kukasirika kwa muda mrefu. Lakini kila niliporudi, hasira niliikuta palepale. Hii si ile hasira ya ugonjwa. Nimejifunza kuzitofautisha.

Nilipokuwa naumwa na sina karatasi, mlisema sina ugonjwa, nina tabia mbaya. Nilipoleta karatasi kwamba ninaumwa, mkasema mimi ni kichaa, niende. Kwa hiyo nilipaswa kuwa nani ili mnisikilize?

Mnasema mnalinda usalama wa wachezaji. Usalama wangu alikuwa anaulinda nani? Nilipokwenda kusimama kwenye goli la Himbi, nilikuwa nawaambia kwa miguu yangu kwamba sijui niko wapi. Mlicheka. Ningekuwa nimevunjika mguu, mngenibeba. Kwa kuwa kilichoumia hakitoki damu, mlinirudisha kati ya nguzo, mkapiga makofi nilipodaka.

Papa Bashige, nakumbuka ulinipeleka kwa gari lako kupiga picha. Nilikushukuru, na sifuti shukrani yangu. Lakini ile picha uliibeba kama wewe ndiye uliyetoka safi.

Sitaki nafasi yangu. Hata mkinipigia magoti sitarudi golini, daktari amekataza na mimi nimekubali, ingawa siku niliyokubali nililia mpaka Mama akafikiri nimefiwa. Kitu ninachotaka ni kimoja. Msichana akipigwa kichwani, atoke. Asiulizwe kama anaweza, atasema anaweza, sisi sote tunasema hivyo kwa sababu tunaogopa kupoteza nafasi. Atoke, na mutu akae naye, na asirudi mpaka aliyesomea mambo haya amwone.

Mkisema hayo ni ya ufundi na hayawahusu madaktari, basi semeni mbele ya wazazi wa wasichana, na si kwa karatasi.

Nakala ya barua hii nimempa Nasiba. Nilimwendea kwao, nikamweleza kwa nini mkono wangu ulimsukuma. Sikumwomba anisamehe mara ya pili. Nilimwomba awasomee wenzake.

Daniella


Kiwanja, tarehe 20 Aprili

Dani,

Fortunat amefika hapa anaongea kama amemeza pilipili. Eti Jumapili kulikuwa na mambo uwanjani, eti wasichana wamegoma, eti Prezida amepiga kelele mpaka sauti ikakatika. Nilipomwuliza vizuri, anasema yeye alipita tu na gari, aliona kundi la watu.

Niambie kilichotokea. Na niambie kwanza kama wewe uko salama, na kama bado unakwenda kwa daktari. Yote mengine yanaweza kungoja mstari wa pili.

Kahambu


Goma, Ndosho, tarehe 27 Aprili

Yaya,

Mstari wa kwanza: niko salama, kwa daktari ninakwenda. Kuna siku nzuri na siku mbaya. Wiki iliyopita niliimba kidogo nikifua, Mama akatoka nje akajifanya anatafuta kuku.

Sasa mechi ya kombe. Mimi sikuwepo, kelele za uwanja bado siziwezi. Nimesimuliwa na Nasiba mwenyewe na beki mwenzake.

Kabla ya mapumziko waliruka wawili, Nasiba na msichana wa timu nyingine, kupiga kichwa mpira wa kona. Kiwiko cha yule mwingine kilimpata Nasiba sikioni. Akaanguka kama gunia. Akaamka, akamwambia Kocha Luc, "Naweza." Yaani neno lilelile, ingawa alikuwa amewasomea wenzake barua yangu kwa kinywa chake! Papa Bashige alikuwa pembeni, akapaza sauti, "Amesema anaweza! Mchezo uendelee!"

Kapiteni akakaa chini. Alikaa tu juu ya yale mawe ya volkano, katikati ya uwanja. Beki akakaa. Kipa mpya, mutoto aliyechukua nafasi yangu, akatoka golini akaja kukaa karibu na Nasiba. Wakakaa wote. Mwamuzi akapuliza filimbi, akapuliza tena. Bashige akaingia uwanjani na viatu vyake vya kanisani. "Mtafukuzwa wote! Timu ni yangu!" Kapiteni akamjibu, "Basi cheza wewe."

Halafu, Yaya, wasichana wa timu nyingine nao wakaanza kukaa. Yule mwenye kiwiko alikuwa analia.

Kocha Luc alisimama kati ya Bashige na wasichana. Nasiba anasema alikuwa anamtazama huyu na hawa, na jasho linamtoka. Mwisho akamwinua Nasiba, akamtoa nje kwa mkono wake, akaita motari wa pikipiki, akapanda naye nyuma akimshikilia. Mechi haikuisha. Kombe wamepewa wengine.

Luc alipita hapa nyumbani siku iliyofuata. Alisimama mlangoni, kofia mkononi. Sikumkaribisha kukaa, na sikumfukuza. Alisema komite imemsimamisha kazi. Nikamwambia, "Pole." Nilikuwa namaanisha pole, lakini pole tu, hakuna zaidi. Kumsamehe siwezi kwa sasa, na Daktari Zihindula anasema hakuna anayenihimiza.

Nasiba kichwa kinamuuma bado, ila anajua yuko wapi na analala. Babake, Papa Mahamudi, ameita wazazi wa wasichana wote kwake Ijumaa baada ya sala. Wakatoliki, Waislamu, wa kilokole, wote wamekuja. Wamekubaliana hakuna mutoto atakayevaa viatu vya mpira mpaka Bashige aje awaeleze utaratibu wake wa vichwa vya watoto wao. Mama alikuwepo. Mama, ambaye hata kwenye mikutano ya parokia huwa hafungui kinywa, alisimama akaongea. Sijui alisema nini, hataki kuniambia. Wanaopita barabarani siku hizi wanamsalimia kwa heshima ya ajabu.

Bashige alituma mutu kuchukua jezi na glavu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Viko hapa, nimevifua, vimekauka. Mwambie aje achukue mwenyewe, na akija aje na nafasi ya kukaa, nina maneno mengi."

Hajaja.

Mdogo wako,
Dani